Kazi Yako ni Kuongea

Kichwa kilikuwa kimebanwa kwenye fremu ya chuma, ngozi ya utosi imepigwa ganzi, na Fundi Vifungo alikuwa macho. Ndivyo upasuaji huu unavyotaka. Nyuma yake daktari alikuwa akiingiza waya mwembamba ubongoni, akitafuta mahali pa kuzima mtetemo wa mkono uliompokonya fundi cherehani huyu sindano na wateja kwa miaka tisa.

"Kazi yako ni kuongea, mama," nesi alimwambia. "Ulimi ukiwa mzito, tutajua tumegusa pasipofaa."

"Moja, mbili, tatu..."

"Aa, kuhesabu hata kasuku anaweza! Nipe stori."

Stori? Nyumbani alikuwa akisemeshana na redio, nayo haijibu. Akaanza kwa kusitasita: bwana harusi mmoja alimletea suti asubuhi ya ndoa, suruali imechanika makalioni.

"Wee! Ikawaje?"

Hakukumbuka lini mtu alimuuliza hivyo mara ya mwisho. Akanogewa. Nesi akacheka mpaka daktari akamwonya asitikise meza.

Kisha umeme ukapandishwa. Mkono wa kulia ukatulia tuli, kama wa mtu mwingine. Lakini maneno yakaanza kumtoka mazito, yameshikana kama uji.

Daktari akauzima umeme. "Nisikilize, mama. Waya ukibaki hapa, mkono unatulia, ila utaongea hivyo. Nikiuvuta nyuma kidogo, ulimi unabaki mzima, lakini mkono utaendelea kutetemeka. Sindano usahau. Uamuzi ni wako."

"Acha hapohapo."

"Fikiri kwanza," nesi akasema. "Watu wako watakuelewaje?"

"Watu gani, mwanangu? Sindano itanilisha. Huo ulimi nautumia kwa nani?"

Daktari akapeleka mkono kwenye swichi.

"Ila, daktari, kabla hujawasha, niache niimalize ile ya suti."

Daktari akatazama saa ya ukutani. "Haya. Dakika tano."

Ukweli ni kwamba suruali ilishonwa upesi, bwana harusi akashukuru, akaenda zake. Basi. Fundi Vifungo hakusema hivyo. Alimleta shangazi aliyeingia dukani na ugomvi, kisha mjomba aliyekalia pasi ya moto. Wote wa kubuni. Nesi alikuwa amemwinamia, sikio karibu kabisa na mdomo wake.

"Enhe?"

"Subiri," akasema. "Kuna na shemeji yake."