Kiti Kimoja cha Kitabu cha Mihogo

Rachida, mkutubi, alifungua kompyuta ya maktaba ya chuo, Kasongo, akakuta maneno yale yale ya juzi na jana: kitabu kinatumika, tafadhali subiri. Aliyesubiri si yeye. Ni Odile, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kilimo, aliyeketi kwenye benchi karibu na mlango, ameikumbatia kazi yake ya mwisho kama mama aliyefika kituo cha afya na mtoto mwenye homa akaambiwa muuguzi ametoka.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitatua. Odile alikuwa ameandika juu ya ugonjwa unaokunja majani ya mihogo katika mashamba ya kwao, Wamaza. Chef Marcellin, mwalimu wake, aliisoma kazi hiyo akaandika pembeni kwa wino mwekundu: « Hujaeleza ugonjwa umefikaje kwenye mashamba yaliyo peke yake, mbali na mengine. Soma sura ya sita. » Bila sura ya sita hakuna kuitetea kazi Ijumaa, na asiyetetea Ijumaa hungoja mwaka mwingine. Baba yake Odile alikwisha sema kwamba mwaka mwingine hautakuwepo. Mikono ya Odile inahitajika shambani.

Sura hiyo ilikuwa ndani ya kitabu kimoja tu, nacho hakikuwa na karatasi. Kilikuwa kimojawapo cha vitabu vya mtandaoni ambavyo ushirika wa maktaba za vyuo ulivilipia leseni, ili vyuo vigawane kile ambacho hakuna chuo kingeweza kununua peke yake. Vitabu vingine vilikuwa na viti vingi. Watu mia wangeweza kuvisoma kwa pamoja bila kugusana viwiko. Cha mihogo, ambacho kila mtu alikihitaji, kilikuwa na kiti kimoja kwa chuo kizima, na chuo kizima maana yake ni Kasongo pamoja na tawi lake la Kabambare. Aliyekikalia asipogeuza ukurasa kwa dakika ishirini, kitabu hujifunga na kumpisha anayefuata. Kungoja usiku hakukusaidia: maktaba zote mbili ziliishi kwa betri za jua, na jua likizama vitabu navyo hulala.

Rachida alikuwa mtu wa ushahidi. Hakumlaumu mtu kabla ya kutazama takwimu, ambazo mkutubi ana ruhusa ya kuziona. Takwimu zilisema kwamba kiti kinakaliwa Kabambare, tangu asubuhi mpaka betri zinapochoka, na kwamba ukurasa unageuzwa kwa nadra, kila mara pale tu dakika ishirini zinapokaribia kwisha.

"Umeona?" alimwambia Odile. "Hii ni bidoni ku robine."

Odile alielewa mara moja. Hapo mjini mtu hupanga bidoni lake, dumu la maji, kwenye foleni ya bomba alfajiri, kisha huenda zake kupika, kuuza, hata kulala tena, na bidoni linamshikia nafasi. Mradi apite mara mojamoja kulisukuma kwa mguu, hakuna mwenye haki ya kuliondoa.

"Basi iko mutu huko Kabambare anasukuma bidoni," alisema Odile.

"Na jina yake ninaijua."

Jina lenyewe lilikuwa Zuberi, mkutubi wa tawi, mume wa Aziza, dada mkubwa wa Rachida. Shemeji, basi, na kwao shemeji hutaniwa tangu salamu hadi kwaheri. Toka siku ya harusi wawili hao hawakuwahi kuambiana neno lisilo na mzaha. Zuberi alipopiga simu kusema Aziza amejifungua mapacha, Rachida alicheka, akamtakia na wa tatu, akakata. Alisadiki kesho yake, mama yake alipompelekea picha.

Alipiga simu.

"Bwana shemeji! Uko hai bado?"

"Bibi mudogo! Niko hai, dada yako ananilisha. Wewe ndiye nasikia unakonda."

"Ninakonda juu yako. Toka mu kile kitabu ya mihogo. Iko mutoto hapa anakingojea."

"Haiwezekane. Tuko tunasoma."

"Tuko? Wewe na nani?"

"Na watu. Chumba imejaa. Wengine wametoka Lusangi kwa miguu."

Rachida alicheka hadi akashika meza. "Chumba nzima, kiti kimoja! Wamekaa namna gani, moja ku magoti ya mwenzake?"

"Wamebanana. Kuja uone."

"Watu wa Kabambare na vitabu! Si munavitafunaga na chumvi?"

"Afazali sisi tunatafuna. Nyie wa Kasongo munaviweka mu kabati, munafunga kufuli, munakaa mbele munasema babu zetu walijua kusoma mbele ya wote. Bon, bibi mudogo, niko na kazi." Simu ikakatika.

"Anasema nini?" aliuliza Odile.

"Uongo mutupu."

Odile alifikiri kidogo. "Na tukimuomba atupigie picha za ile sura? Kurasa chache tu."

"Hapana." Rachida alivuta droo akatoa leseni, akaisoma kwa sauti: hakuna kuchapa, hakuna kunakili, hakuna kupiga picha, hakuna kuhifadhi. "Hapa chini ni sahihi yangu. Shemeji nitamudanganya mchana kweupe, Mungu atanisamehe. Leseni siidanganye."

Na kumdanganya shemeji alianza papo hapo. Alimwandikia ujumbe: ushirika umeanza ukaguzi wa wanaoshikilia vitabu bila kuvisoma, leo mkaguzi atapiga simu kuuliza maswali ya ndani ya kitabu, na tawi litakaloshindwa kujibu litanyang'anywa kiti. Alitegemea Zuberi atoke kitabuni mbio kabla simu haijalia. Jibu lilikuja upesi: « Karibu. Tuko tayari. »

Jibu hilo lilimkera. Mwongo hujibu kwa maneno mengi.

Sasa ilimbidi apate mkaguzi. Ng'ambo ya lango la chuo alikaa Christophe, muuza mega za intaneti na initi za simu, ambaye Jumapili husoma matangazo ya parokia kwa sauti inayowaamsha hata waliolala makusudi. Zuberi hakuwahi kumsikia. Christophe alikubali kazi hiyo kabla hajaelezwa ni nini, akavaa koti la Rachida lililokuwa nyuma ya mlango, ingawa ilikuwa simu na hakuna ambaye angemwona.

"Nivue?"

"Kaa nalo," alisema Rachida. "Labda litakuongezea akili."

Simu iliwekwa mezani, sauti ikafunguliwa wote wasikie.

"Allo! Hapa ni mukaguzi mukuu wa ushirika," alinguruma Christophe. "Nasikia munashikilia kitabu. Haya, bila kuchelewa: sura ya sita inasema nini?"

Aliuliza sura ya sita kwa sababu ndiyo pekee aliyoambiwa.

"Karibu, muheshimiwa," alijibu Zuberi kwa adabu ambayo Rachida hakuwahi kuisikia kinywani mwake. "Nakupatia mama Amisa. Ni mulimaji. Sura ya sita iko mu mikono yake."

Nyuma ya sauti hiyo kulisikika kikohozi, kisha kikohozi kingine, mtoto akilia, benchi likiburutwa. Rachida aliacha kutabasamu. Chumba kitupu hakikohoi.

"Jambo, muheshimiwa," ilisema sauti ya mwanamke wa makamo. "Sura ya sita inasema ugonjwa iko na njia mbili. Ya kwanza ni kale kadudu keupe kanakaa chini ya jani. Ukitikisa, kanaruka. Ila kenyewe hakaende mbali sana. Njia ya pili ni sisi."

"Nyie namna gani?" aliuliza Christophe, ambaye swali hilo hakufundishwa.

"Miti ya kupanda, muheshimiwa. Unaenda kusalimia wakwe. Siku ya kurudi wanakufungia miti ya mihogo, upande kwako, uwakumbuke. Unaikataa? Huwezi kukataa, ni heshima. Kwa macho miti iko mizima, kumbe ugonjwa iko ndani, umelala. Unaibeba ku kichwa, unavuka mito, unapanda. Sasa niambie: kadudu ndiko kamevuka?"

"Shemeji ndiye alivuka!" alidakia mwanaume mmoja, na chumba kizima cha Kabambare kikaangua kicheko.

Odile alikuwa amesimama. Mashamba ya Wamaza yaliyomsumbua, yale yaliyo peke yake, aliwajua vizuri wenye kuyalima: kila moja lilikuwa la mke aliyeolewa kutoka mbali. "Muulize ukurasa," alinong'ona. "Muulize wanasema umbali gani!"

"Ukurasa!" alifoka Christophe.

Zuberi aliutaja, kisha akausoma kwa Kifaransa, polepole. Alipomaliza aliueleza kwa Kiswahili. Mtu mwingine akaurudia kwa Kibangubangu kwa ajili ya wazee. Wazee wakauliza, vijana wakabisha, mama Amisa akawanyamazisha wote. Hapo tu ndipo Zuberi alipogeuza ukurasa. Rachida alitazama saa ya ukutani: dakika ishirini zilikuwa karibu kwisha. Takwimu hazikukosea. Zilikuwa zimesema ukweli mtupu, kama shemeji yake, naye alikuwa amevisoma vibaya vyote viwili.

"Sasa sisi nasi tuko na swali," alisema mama Amisa. "Kitabu inasema tungoe miti yenye ugonjwa. Shamba yangu yote inao. Nikingoa yote, watoto watakula majina ya wadudu?"

Christophe alimtazama Rachida. Rachida alimtazama Odile. Kabla yeyote hajafungua kinywa, kichwa cha mteja kilichungulia dirishani.

"Kaka Christophe! Niko nakutafuta kote. Niwekee mega!"

"Subiri!" alisema Christophe kwa sauti ile ile ya Jumapili. "Huoni niko nakagua?"

Zuberi akauliza kwa upole mno: "Muheshimiwa, siku hizi mukaguzi mukuu anauzaka na mega?" Na baada ya kicheko kilichoifanya simu itetemeke mezani: "Bibi mudogo, toka huko ulikojificha."

Rachida aliichukua simu. "Shemeji. Kumbe ulisema kweli."

"Mara ya kwanza tangu ndoa. Nilijua hautasadiki."

"Ungeapa."

"Ningeapa, ungecheka zaidi."

"Basi fanya hivi," alisema Rachida. "Mutoto anatetea kazi yake Ijumaa. Toka mu kitabu leo tu, aingie."

"Na hawa wa Lusangi niwaambie warudi kesho? Uje uwaambie wewe. Kuja na miguu yenye mbio." Kisha akaongeza: "Hakuna mutu alisema yeye asisikilize lakini."

Rachida aliivuta leseni karibu, akaipitia tena kipengele kwa kipengele, kidole kikitembea chini ya kila mstari. Kuchapa, kunakili, kupiga picha, kuhifadhi. Msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Alifika mwisho, akageuza, akatazama hata mgongo wa karatasi.

"Inahesabu macho," alisema hatimaye. "Masikio haiyahesabu. Soma."

Zuberi alirudi mwanzo wa sura. Odile alikamata kalamu, lakini Rachida aliuwekea mkono wake kiganja. "Neno kwa neno hapana. Hiyo ni kunakili. Sikiliza, halafu andika ile umeelewa."

Ilikuwa njia ngumu kuliko ya picha. Mara mbili Odile aliomba ukurasa urudiwe, na mara zote mbili wazee wa Kabambare walifurahi, kwani hata wao walikuwa wameachwa nyuma. Sura ilipoisha, alikumbuka kwamba kuna mtu hakujibiwa.

"Mama Amisa, usingoe yote," alisema akiinamia simu. "Kule Wamaza nilipima. Hata mu shamba mubaya iko miti kidogo yenye majani yamenyooka. Ifunge kamba, ile ndiyo utakata ya kupanda. Ingine kula polepole. Na wakwe wakikupa miti, pokea kwa mikono mbili, useme asante, ukifika uitie motoni upike chai."

"Huyu ndiye mukaguzi," alisema mama Amisa. "Yule mwengine arudi ku mega zake."

Ijumaa Rachida alikaa nyuma ya ukumbi. Chef Marcellin aliuliza swali lake la wino mwekundu, na Odile alijibu: kadudu kwanza, kisha miti inayobebwa kichwani, kisha wakwe, na mashamba ya Wamaza moja baada ya lingine pamoja na kijiji alikotoka kila mke. Mjumbe mmoja wa kamati alianza kucheka, akajizuia. Marcellin aliuliza ukurasa, Odile aliutaja. Kazi ilipita kwa sifa.

Watu walipokwisha kutawanyika, Marcellin aliingia maktaba, akaufunga mlango nyuma yake, akakagua kabati ambalo hakuna aliyemwomba alikague.

"Mama Rachida. Nasikia huko Kabambare wanakisoma kwa sauti."

"Ndiyo, chef."

"Na mutu wa huku anaweza kusikiliza?"

"Anaweza. Lakini wewe si ulishakisoma? Wewe ndiye ulimwambia mutoto sura ya sita."

Marcellin alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila Christophe akihesabu kadi zake.

"Nilisoma orodha ya sura," alisema. "Ile inaonekana hata bila kiti."

Rachida hakucheka. Alijisifu kwa hilo baadaye. Alimwandikia namba ya Zuberi kwenye kipande cha karatasi.

"Sura ya saba ni Jumatatu asubuhi, chef. Ila andaa swali. Mama Amisa msikilizaji bubu hamtaki."