Wageni wa Bi Betri

Usiku wa kuamkia leo niliota nimealikwa chakula cha mchana chini ya boneti ya gari langu mwenyewe, na wala sikushangaa. Nilivua viatu nikapiga hodi.

Kwanza niseme nilivyolala, maana sikulala vizuri. Asubuhi nilitakiwa kumpeleka mama kwa daktari wa macho, ambaye huja hapa Korogwe mara moja kwa mwezi. Mwezi uliopita gari halikuwaka. Gari hilo aliniachia marehemu baba, na sasa lina umri wa kuoa. Mama alirudi ndani na mkoba wake kwapani, akasema, "Haidhuru, mwanangu, nitakuona kwa sauti." Nilitamani ardhi inimeze.

Juzi nikamwendea fundi Shehoza, aliyenifungia alamu, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba alamu yake inakula betri.

"Mwalimu," alisema taratibu, "alamu inakula, ndiyo. Lakini haili kiasi hicho."

Hata hivyo akaichaji betri, na jana jioni akaja kuifunga mwenyewe. Nilimwangalia akiondoka. Sikumwambia hata asante.

Basi, chini ya boneti kuna sebule. Bi Betri amekaa mkekani, mnene, buibui jeusi, masikioni hereni mbili za madini ya risasi: moja ina alama ya kujumlisha, nyingine ya kutoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mhina mwanangu. Kaa. Ila usizishike hereni zangu zote mbili kwa mpigo."

Mbele yake kuna sinia la wali, na wageni wamelizunguka: Alamu na kofia yake ya ulinzi, Redio, na Saa ya kwenye dashibodi.

"Ninyi ndio mnaokula betri?" nauliza.

"Tunakula kwa betri," Saa ananisahihisha. "Kula betri ni jambo jingine."

"Mimi hula punje moja moja," anasema Alamu. "Mlinzi akishiba atasinzia."

"Mimi hulamba kidole tu," anasema Redio, "nisije nikasahau stesheni."

Kando ya jiko anakoroma mzee aliyejifunga mkanda wa mpira kiunoni. Bi Betri anasema huyo ni Altaneta, mpishi wa umeme wa nyumba.

"Hapiki mpaka gari liwake. Na wewe unalitoa Ijumaa hadi Ijumaa, tena hadi msikitini tu. Huyu hata moto hajakoleza, umeshazima. Zamani nilikuwa na sufuria, wageni wakila halionyeshi. Sasa nimezeeka, nina hiki." Ananionyesha kikombe cha kahawa. Hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma.

"Wageni hawa wamekaa siku ngapi?"

"Miaka sita."

"Bibi! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe!"

Wote wanaacha kula. Hatuko tena sebuleni, tuko uwanja wa shule yangu, na wageni wamepanga mstari, mikono mbele, wanasubiri kugawiwa majembe.

"Mimi niko tayari kulima," anasema Alamu. "Jembe liko wapi?"

"Analo yule wa nyuma," anajibu Bi Betri kwa sauti ndogo. "Yule asiyekuja kunisalimia. Wenzake wanakula kwa vidole, yeye anapakua kwa mwiko."

Nageuka nyuma, na nyuma ni shamba la mama la mahindi, limo lote ndani ya buti la gari. Katikati ya matuta kimekaa kitaa kidogo, kinene kwa shibe, mwiko mkononi, jembe mapajani.

"Wewe nani?"

"Taa ya buti."

"Mbona hulali?"

"Mlango uko wazi. Niliagizwa, mlango ukiwa wazi niwake. Sijawahi kuasi."

"Uko wazi tangu lini?"

"Tangu uliponipa hili jembe. Wenzangu wamekaa miaka sita hawajapewa. Nakushukuru sana, Mwalimu."

Nikalichukua jembe, nacho kitaa kikanipa pole. Kisha nikahisi mkono wa Bi Betri begani. Akanitilia tonge la wali kiganjani, juu ya ufunguo wa gari.

"Hili nilimfichia mama yako. Ni moja tu, usilichezee kwa kuwasha redio. Na Shehoza umwambie neno lake."

Nililia kama mtoto. Nikasema asante, asante, bibi, mpaka adhana ya alfajiri ikaniamsha.

Nilikwenda kwenye gari peku. Buti lilikuwa limeinuka upana wa kidole, maana mpini wa jembe nililolitupa humo siku ya palizi, mwezi uliopita, ulikuwa umelizuia kufunga. Ndani kitaa kinawaka, chekundu, kimechoka. Nikatoa jembe, nikafunga. Mama akatoka na mkoba wake kwapani.

Gari likakohoa, likatafakari, likawaka.

"Alhamdulillahi," akasema mama. Redio sikuigusa.

Kwa Shehoza nilisimama bila kuzima injini. "Fundi, alamu yako haina kosa," nikamwambia mbele ya wateja wake. "Nilikukosea. Na kwa ile betri, asante sana."

"Ilikuwa nini?"

"Jembe."

Akatikisa kichwa kama mtu anayelijua tatizo hilo. "Nenda, Mwalimu. Mzungushe mama mpaka betri ishibe."

Saa nne mama alitoka kwa daktari amevaa miwani. Akanitazama muda mrefu, akacheka, akasema nimezeeka kuliko sauti yangu. Kisha akainama, akanishika mkono.

"Mwanangu, siku hizi hunawi? Ufunguo wako una punje ya wali."

Ilikuwepo kweli, moja, nyeupe. Na jana usiku tulikula ugali.