Radi Kutoka Kiti cha Kulia

Asubuhi ya Ijumaa ile nilipiga Radi mia moja, zikatoka tisini na moja.

Nilikuwa peke yangu katika duka la michezo ya video la Mzee Inayat, mtaani Ichhra, mlango wa bati umeinuliwa nusu. Nikaandika idadi hiyo kwenye daftari, chini ya themanini na saba ya Alhamisi, kisha nikakaa nikiitazama. Shuleni, tisini na moja ni alama nzuri sana. Kwenye mashine ya masumbwi, zile tisa zilizobaki ndizo zinazokuzika.

Radi ni ngumi moja tu ya yule bondia wa koti jeupe. Unasukuma kijiti cha kuongozea mbele, unakiachia kirudi katikati, unakishusha chini, unakipeleka kwenye pembe ya chini na mbele, na papo hapo kinapogusa pembe ile unabonyeza kitufe cha ngumi. Si kabla, si baada. Ukipatia, mkono unatoa cheche za buluu, mashine inalia "chaa!" na mpinzani anarushwa hewani kama shuka lililong'olewa kambani na upepo. Hata akijikinga, hana muda wa kukurudishia. Lakini ukichelewa hata kidogo kuliko kupepesa jicho, cheche hakuna. Mkono unapanda mtupu, nawe unabaki umesimama kama mtu anayesimamisha riksho, mbavu wazi, ukingoja mwenzako aamue akufanye nini.

Mimi ni fundi wa feni. Nasuka waya za mota katika karakana ya mjomba wangu, na ukipoteza hesabu ya mizunguko unafumua unaanza upya. Labda ndiyo maana sikuchoka. Mzee Inayat alinipa saa moja kila asubuhi kabla ya wateja, kwa kuwa feni zake zote nne nilizifufua mimi. Hakuna aliyenifundisha Radi. Mwezi wa kwanza nilipata kumi na nne katika mia. Kifundo cha mkono kikavimba, mama akanikanda kwa mafuta ya haradali huku akiuliza ni feni gani hiyo inayomvunja mtu mkono.

Miezi kumi na moja ikapita, na jioni bado nilikuwa nashindwa.

Dukani kwetu mshindi haamki. Anabaki kwenye kiti cha kushoto, na anayetaka kumwondoa anakaa kulia. Kiti cha kushoto kilikuwa cha Zargham, mfanyabiashara wa vitambaa mwenye mabega mapana, tuliyemwita Ustadhi, yaani bingwa wetu. Alikikalia miaka mitatu. Yeye pia alijua Radi, na yake ilitoka kila alipoitaka. Yangu ilitoka nilipokuwa peke yangu. Mbele ya watu, moyo ulienda mbio, mkono ukaufuata, nikachelewa, nikaliwa.

"Tauqeer, ndugu yangu," Zargham aliniambia mara nyingi, bila hata kugeuza kichwa, "piga mateke. Teke halina shule."

Sikubishana naye. Huenda alikuwa na haki. Nilichofanya ni kuendelea kuja asubuhi na kukaa kilekile kiti cha kulia. Ukikaa kulia bondia wako anatazama upande wa pili, mbele yako ni kushoto, na Radi nzima inageuka kama sura kwenye kioo. Sikuona sababu ya kufanya mazoezi kwenye kiti ambacho sikuwahi kukifikia.

Ijumaa ile tulikuwa tunakwenda mtaa wa Mozang kukifuata kirungu chetu.

Ni desturi ya maduka yetu mawili. Anayeshinda anafungua kirungu chekundu kilicho kwenye ncha ya kijiti cha kushoto cha mwenzake, anaondoka nacho, anakitundika ukutani kwake. Watu wa Mozang walikuja wakachukua chetu kabla ya Ramadhani, nasi hatukuwa tumekwenda kwao kwa miaka mingi. Tangu hapo Zargham alicheza kwa mpini wa kabati uliobanduliwa jikoni kwa Mzee Inayat, na kila mgeni aliyeingia dukani aliuangalia, akacheka, akauliza kama ndani kuna sahani.

Kila duka hutoa wachezaji wawili. Wa pili wetu alikuwa Waqas, lakini Waqas alikuwa amelala na homa ya matumbo.

"Nampeleka Tauqeer," alisema Mzee Inayat baada ya swala.

Zargham alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainua kichwa. "Mzee, huyu? Huyu atapiga ile Radi yake."

"Muulize mwenyewe."

"Utaipiga?"

"Sijui," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli.

"Sikiliza. Ukiipiga ikakataa, kirungu kimekwenda, na usilete tena pua yako kwenye mashine yetu. Umenisikia? Kaa na feni zako."

Mzee Inayat alipapasa mifuko. Alikuwa anatafuta funguo za pikipiki. Lakini mimi nilisikia vizuri sana, na njia nzima hadi Mozang nilihesabu: tisa katika mia ni kama moja katika kumi na moja.

Duka la Mozang lilikuwa limejaa hadi kwenye ngazi. Juu ya mashine feni moja ilizunguka ikilia kwiii, kwiii; beringi imekwisha, nilijua kabla sijaitazama. Na ukutani, kwenye msumari, kirungu chetu kilining'inia kwa uzi kama kitunguu.

"Karibuni! Mmekuja kukisalimia?" mtu akapiga kelele.

"Mmekuja na kabati au mmeliacha nyumbani?"

Wakaangua kicheko. Mzee Inayat naye akacheka, kwa adabu.

Mwenyeji hukaa kushoto. Huko kwao hilo halijadiliwi. Zargham akakaa kulia, akanyoosha vidole, na mimi nikasimama nyuma ya bega lake. Mpinzani wake wa kwanza, jamaa mnene mwenye fulana ya kriketi, hakuwa mgumu. Zargham alimmaliza kwa mateke na ngumi za kawaida. Nilishangaa kidogo kwamba hakupiga Radi hata moja, lakini nikadhani anaihifadhi.

Ndipo akakaa Faakhir.

Faakhir alikuwa mwembamba, mpole wa kuongea, na alicheza akitafuna mbegu za alizeti. Ndiye aliyekichukua kirungu chetu. Raundi ya kwanza akaichukua taratibu, teke moja hapa, ngumi mbili pale. Raundi ya pili Zargham akaona pengo, pengo kubwa kama lango, na nikaona mkono wake ukianza: mbele, katikati, chini...

Hakuna cheche. Mkono mtupu ukapanda juu.

"Riksho!" duka zima likapaza sauti. "Riksho, twende Anarkali!"

Faakhir akamtandika hadi nusu ya mstari wake wa uhai ikaisha. Zargham akajaribu tena. Riksho tena. Na mara hiyo bondia wake hakuinuka.

Zargham alisimama akikitazama kijiti. "Kimelegea," akaniambia kwa sauti ya chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kijiti chao kimelegea, Tauqeer. Usiiguse Radi, nakuomba. Piga mateke."

Nikakaa. Nikakizungusha kijiti mara mbili. Hakikulegea. Kilikuwa kizima, pengine kuliko chetu.

Hapo nikaelewa, na kichwa kikawa chepesi kana kwamba mtu amefungua dirisha. Zargham alikuwa hajakaa kulia miaka mitatu. Alishinda mno. Mkono wake ulijua Radi ya upande mmoja tu, na hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kujua upande wa pili. Mimi nilishindwa kila jioni, na kila niliposhindwa nilirudi kukaa hapahapa.

"Nani huyu?" Faakhir akauliza, akitema ganda la alizeti.

"Fundi feni," mtu akajibu.

"Mungu ni mwema! Ukimaliza kupigwa utuangalizie ile ya juu."

"Nitaiangalia," nikasema.

Raundi ya kwanza. Faakhir akaja moja kwa moja, kwa dharau, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Moyo ulianza mbio zake za kila jioni. Nikasikiliza feni: kwiii, kwiii. Haikuwa na haraka yoyote. Mbele, katikati, chini, pembe.

Chaa!

Buluu ikajaa kioo kizima. Bondia wa Faakhir akapaa. Ganda la alizeti likamdondoka Faakhir mdomoni. Nikampokea hewani kwa ngumi mbili, akashuka, akainuka, akarudi na hasira.

Chaa!

"We! We! Umeiona?"

"Imetoka kulia! Kutoka kulia!"

Chaa! Ya tatu. Mstari wake wa uhai ukakauka. Mzee Inayat alikuwa ananipiga mgongoni kwa kofia yake ya swala, na sidhani kama alijua kwamba ananipiga.

Raundi ya pili Faakhir aliacha kutafuna. Akawa ananisogelea na kurudi, ananisogelea na kurudi, ananitia haraka. Nikaishika haraka yake. Mbele, katikati, chini... nikajua nimechelewa kabla kidole hakijafika. Mkono mtupu.

"Riksho!"

Ilikuwa mojawapo ya zile tisa. Faakhir hakuniachia hata punje. Tukawa raundi moja kila mmoja.

"Basi!" Zargham alikuwa ameniinamia sikioni, jasho lake likinidondokea. "Basi, inatosha, umewaonyesha. Mateke sasa! Kwa jina la mama yako, mateke!"

Raundi ya tatu. Sikumbuki yote. Nakumbuka mikono ya watu juu ya mashine, na mwenye duka akifoka wasiitikise. Nakumbuka Radi moja iliyogonga ngao yake ya mikono, na yeye akisukumwa nyuma bila kuweza kunijibu. Akanipata, nikampata. Mstari wake ukabaki uzi. Wangu ukabaki uzi mwembamba zaidi. Saa ya juu ya kioo ilionyesha sekunde saba.

Tukasimama mbali, tukitazamana.

Nikaanza kupima, kama ninavyopima kila kitu. Nikipiga ikatoka, tumeshinda. Nikipiga ikakataa, kirungu kinabaki kwenye msumari, na mimi nabaki karakanani. Moja katika kumi na moja. Halafu nikamtazama bondia wa Faakhir, na nikaona jambo ambalo miezi yote kumi na moja sikuwahi kuliandika kwenye daftari. Hakuwa anakuja tena. Alikuwa amesimama wima, mikono imeinuliwa usoni, ameganda. Alikuwa anaingoja Radi. Kila niliposogeza kijiti mbele, hata kidogo tu, ngao yake ilipanda.

Na anayejikinga akiwa wima hana kinga miguuni.

Sekunde nne. Nikasukuma kijiti mbele, hatua ile ile ya kuanzia Radi.

"Usiipigeee!" Zargham akalia.

Ngao ya Faakhir ikapanda hadi machoni. Nikashusha kijiti, nikapiga teke la muundi. Lile teke la chini ambalo mtoto yeyote hulijua siku ya kwanza anapoweka sarafu.

Pu.

Bondia wake akaanguka chali.

 Watu walikuwa bado wanangoja cheche. Kisha Faakhir mwenyewe akaegemea nyuma, akaweka mikono kichwani, na akacheka hadi akakohoa. "Teke! Ee Mola! Kaniua kwa teke!"

Duka likalipuka. Zargham alinikumbatia shingo nikiwa bado nimekaa, nusura aniue. "Nilikwambia nini? Nilikwambia mateke!"

"Ulisema," nikamjibu. Na ni kweli, alisema.

Mwenye duka alikishusha kirungu chetu, akakipangusa vumbi kwa mkono wa kanzu, akampa Mzee Inayat. Kirungu chao nacho tukakifungua kutoka kijiti cha kushoto, kwa zamu, kila mmoja akikizungusha kidogo. Kisha nikapanda juu ya stuli nikaitazama feni yao, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi. Beringi, kama nilivyodhani. Nikawaambia nitarudi Jumapili.

Alasiri ileile tulirudi Ichhra, miwa ikakamuliwa, juisi ikanywewa. Mzee Inayat akang'oa mpini wa kabati, akafunga kirungu chekundu mahali pake. Watu wakanishika mabega wakaniketisha kushoto. Mshindi haamki, na mshindi nilikuwa mimi. Kiti kilikuwa cha joto na kirefu kidogo kuliko nilivyozoea.

Zargham akakaa kulia, mahali pangu. Akakitazama kijiti muda mrefu.

"Ile ya pembe," akasema taratibu, ili wengine wasisikie. "Upande huu unaishikaje, Ustadhi?"

Hakuwahi kumwita mtu mwingine hivyo. Nikamwonyesha, polepole, mkono wangu juu ya wake. Mbele, katikati, chini, pembe.

"Haya, tucheze," akasema.

Raundi ilipoanza niliona pengo, nikakimbilia Radi kwa moyo mweupe kabisa. Lakini sasa nilikuwa nimekaa kushoto, na mbele yangu ilikuwa kulia. Mkono ulikwenda njia yake ya kila siku. Cheche hakuna. Bondia wangu akasimama ameinua mkono, mbavu wazi.

"Riksho!" duka likapiga kelele, na Mzee Inayat ndiye aliyepaza sauti kuliko wote.

Zargham akaniangusha kwa mateke matatu. Nikaamka, nikamwachia kiti.

Asubuhi iliyofuata nilifungua ukurasa mpya wa daftari, nikaandika juu yake KUSHOTO, nikakaa. Nilipiga Radi mia moja. Zikatoka kumi na mbili.