Okidi ya Fundi wa Meno Bandia

Siku kile kijimea kilipoingia nyumbani, Metroni alidhani mdogo wake amenunua mche wa kitunguu. Alikuwa jikoni anakata mkate, mdogo wake akaingia kinyumenyume, anasukuma mlango kwa kisigino, mikono yote miwili imeshika boksi kama amebeba mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Akalitua mezani, akalifungua polepole, akatoa chungu kisichozidi kikombe cha chai. Juu ya chungu kulikuwa na kichuguu cha nyuzi kavu zinazonyonya maji kama pamba, na juu ya kichuguu vijani vichache vigumu, vimepandiana kama vidole, kila kimoja na mchirizi wa njano pembeni.

"Ndiyo nini hii?" Metroni aliuliza.

"Okidi, dada. Ya Kijapani."

"Maua yake yako wapi?"

"Hii haitazamwi maua. Inatazamwa majani."

Metroni aliweka kisu chini. "Yaani umekwenda dukani ukanunua okidi, ili uje nyumbani utazame majani."

"Ndivyo waungwana wanavyofanya. Zamani huko Japani wakubwa walikuwa wanazifunika kwa wavu wa dhahabu. Mtu akitaka kuiona anaziba mdomo kwa karatasi, asije akaipulizia pumzi."

"Nani kakuambia?"

"Mwenyekiti wa chama chetu."

"Aa," alisema Metroni, akaendelea kukata mkate.

Jina hilo la Metroni alitoka nalo hospitalini. Alitawala wodi ya wanaume mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu hakuacha kutawala, alihama tu. Alihamia kwenye nyumba ya mdogo wake, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na roshani. Mdogo wake hakuwahi kuoa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia kwenye chumba cha nyuma cha kliniki moja, chumba kisicho na dirisha, ambako madaktari walimpitishia vipimo vya vinywa vya watu kupitia tundu la ukutani kama wanaoagiza supu. Kucha zake zilikuwa na weupe wa plasta ya kufinyangia meno, usiotoka hata Jumapili. Mama yao alipofariki yeye alikuwa bado anavaa kaptula za shule, na dada yake ndiye aliyemwogesha, akamsomesha, akamsema. Kumwogesha aliacha baadaye, kumsomesha kulikwisha. Kumsema ndiko kulikobaki.

Na sababu za kumsema hazikukosekana. Kulikuwa na gitaa, likaishia chini ya kitanda. Kulikuwa na samaki wa kwenye tangi la kioo, wakafa mmoja baada ya mwingine kwa adabu, bila kumsumbua mtu. Kulikuwa na kamera ya kupigia picha ndege, na picha zilizotoka zilikuwa za matawi. Kwa hesabu ya Metroni, hiki kitunguu cha Kijapani, kama alivyokuwa anakiita, kingefika chini ya kitanda kabla ya mvua.

Hakikufika. Safari hii mdogo wake alishikwa kwelikweli. Asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, alikwenda kukinyunyizia maji. Akirudi kazini, hajavua viatu, anakinyunyizia tena. Alikihamisha dirisha hadi dirisha kufuata jua, jinsi wauguzi wanavyomgeuza mgonjwa asipate vidonda. Akaanza na maneno mapya.

"Mizizi yake inahitaji kupumua," alisema siku moja wakila.

"Hata mimi nahitaji," Metroni alijibu. "Lakini dirisha langu umeliziba na chungu."

Jumamosi alikuwa anakwenda kwenye chama. Kilikuwa chama cha wapenda okidi, na kilikutana katika duka la samani la Mwenyekiti mwenyewe, wanachama wamekaa juu ya makochi ambayo hayajauzwa, bado yamevikwa nailoni, kila mtu akijigeuza kunasikika mlio kama wa kukanyaga majani makavu. Metroni alikwenda kumchukua mdogo wake huko mara moja, akamwona huyo Mwenyekiti. Alikuwa mtu wa kitambi cha heshima, amening'iniza shingoni lenzi ya kukuzia vitu yenye mkufu, kama daktari na kipimo chake cha moyo. Mimea yote ya chama ilipitia kwake. Yeye ndiye aliyeagiza, yeye ndiye aliyewauzia wanachama, na yeye ndiye aliyewaambia baadaye kama walichonunua kina thamani. Metroni aliona huo ni mpango mzuri sana, kwa Mwenyekiti.

Miezi ikaenda. Kijimea hakikukua, au kama kilikua kilifanya hivyo kwa siri. Mdogo wake akaingiwa na wasiwasi, akanunua chupa ya mbolea, akawa anakitilia. Kwenye chupa kulichorwa nyanya kubwa nyekundu.

"Umesoma lakini?" dada yake alimuuliza.

"Mbolea ni mbolea."

Kisha ile michirizi ya njano ikaanza kufifia. Jani jipya lilichomoza likiwa kijani kitupu, kama la mboga yoyote ya bustanini.

"Michirizi yako inakimbia," Metroni alisema.

"Ni mwanga tu wa leo."

"Jana pia ulikuwa mwanga."

Alichukua chungu akaenda nacho roshani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Wakati huohuo ikafika zamu yake ya kuwakaribisha wanachama nyumbani. Alisugua sakafu mwenyewe. Alinunua biskuti za bati. Alivaa shati ambalo Metroni hakulijua, na kabla wageni hawajapanda ngazi alimfuata jikoni.

"Dada, nakuomba kitu kimoja. Leo usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme tu."

Walikuja: Mwenyekiti na lenzi yake, mke wa mfamasia aliyevaa glavu nyeupe, mwalimu mmoja wa hesabu, na wengine watatu ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa Mwenyekiti akizungumza. Chungu kiliwekwa katikati ya meza juu ya kitambaa cheusi. Kila mmoja akapewa karatasi laini, wakaziba midomo, wakainama kukizunguka. Metroni, akiwa amekwisha kuwagawia chai, alisimama mlangoni na sinia. Alikuwa amepita kwenye wodi za kifua kikuu zenye watu wachache waliojiziba midomo kuliko sebule hiyo. Lakini alikuwa ameombwa asiseme, akabana meno.

Mwenyekiti alitazama kwa lenzi muda mrefu. Kisha akaiachia ikagonga kitambi chake.

"Hii ndiyo niliyokuuzia mimi?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Michirizi iko wapi?"

"Ilianza kufifia. Nilidhani ni mwanga."

"Umeitia mbolea."

"Kidogo."

"Umeilisha kama kuku wa nyama," alisema Mwenyekiti, na wale watatu wakacheka ndani ya karatasi zao. Mwenyekiti alipoona amechekewa, akapata nguvu. "Niwaambieni kitu, ndugu zangu. Mmea huu unamjua bwana wake. Ukiupeleka kwa mtu wa hadhi, unatulia, unapendeza. Ukiupeleka kwa mtu anayeshinda na vinywa vya vizee, na wenyewe unajiona ni mboga. Hiki sasa ni kitunguu. Kipeleke jikoni."

Wakaangua kicheko, mke wa mfamasia naye, na mwalimu wa hesabu naye. Metroni alimtazama mdogo wake, akitegemea kumwona amekunja uso. Mdogo wake alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa sauti, anatikisa kichwa kama aliyesikia mzaha mtamu, na chini ya meza kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ile plasta kwenye kucha, kinasugua, kinasugua.

Metroni alikijua kicheko kile. Alikuwa amekisikia jikoni mwake miaka nenda miaka rudi, kila alipotaja gitaa, kila alipotaja samaki, na siku zote alidhani ni kicheko cha mtu anayefurahi.

Alitua sinia.

"Saa za kuona wagonjwa zimekwisha," alisema.

Hakupaza sauti. Hata wodini hakuwa anapaza sauti. Wageni waligeuka, karatasi bado midomoni.

"Mama, sisi tunataniana," alisema Mwenyekiti.

"Mimi sitanii. Kikombe." Alinyoosha mkono. Kikombe cha Mwenyekiti kilikuwa bado nusu, lakini mkono ule ulikuwa umewanyang'anya majenerali sigara vitandani, naye akajikuta amekitoa. "Na kabla hujaenda. Ulipomuuzia mmea huu ulimweleza kwamba mbolea nyingi itaua michirizi? Au ulimpa zile habari za wavu wa dhahabu tu?"

Mke wa mfamasia ndiye aliyekuwa wa kwanza kutafuta mkoba wake. Walishuka ngazi, na Metroni akabaki anakusanya vikombe, moyo umejaa, anangoja kushukuriwa.

"Umenivunjia heshima," mdogo wake alisema nyuma yake.

"Heshima ipi? Ile waliyokuwa wanaikalia?"

"Wale ni watu wangu, dada."

"Wale? Yule muuza makochi amekuita mboga, na wewe unacheka naye."

"Nilicheka kwa sababu nimezoea." Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yeye kanisema mara moja. Wewe unanisema tangu mama alipofariki. Hata hicho kitunguu, neno lenyewe ni lako. Nilikwenda nikawasimulia chamani, nikawachekesha nalo."

Metroni akaenda jikoni akaosha vikombe, alipomaliza akaviosha tena.

Baada ya siku hiyo nyumba ilipoa. Mdogo wake alikwenda kazini, akarudi, akala, akasema ahsante, akalala. Chungu alikitoa nje kwenye roshani, akakiweka kando ya ndoo ya kudekia, hakukigusa tena. Metroni alikiona kila alipoanika nguo. Zile nyuzi zilikuwa zimeoza kwa maji ya mwanzo, na sasa zilikuwa zinakauka zikiwa na harufu mbaya. Kuomba radhi hakukuwa katika kazi zake. Hospitalini madaktari ndio waliokuwa wanamwomba yeye. Alizunguka na jambo hilo kifuani kama aliyemeza kipande kikubwa cha kiazi, hakipandi wala hakishuki.

Mwishowe, wakinywa chai ya asubuhi, akasema, "Kile kitunguu chako kinapewa maji mara ngapi?"

"Si kitunguu."

"Basi hicho ambacho si kitunguu."

"Kiache kife, dada."

"Kwangu mgonjwa hafi eti kwa sababu ndugu zake wamenuna."

Mdogo wake akainuka, akaenda roshani, akarudi na chungu. Alitandika magazeti mezani, akaleta bakuli la maji safi na bunda jipya la nyuzi, akakaa. Akaanza kuondoa zile zilizooza.

Metroni alikuwa hajawahi kumtazama akifanya kazi. Kile chumba kisicho na dirisha alikijua kwa kusimuliwa tu. Sasa aliviona vile vidole vyenye kucha nyeupe, vilivyozoea kupanga jino moja moja kwenye nta, vinachambua mizizi myembamba kuliko uzi wa cherehani, mmoja baada ya mwingine, bila kuuvunja hata mmoja. Iliyooza aliikata kwa mkasi mdogo. Mizima aliiosha mbolea ikatoka. Kisha akaizungushia nyuzi mpya, akaziviringa zikawa kichuguu cha duara safi kabisa, kama ufizi.

"Unabana sana hapo chini," Metroni alisema.

Alisikia maneno yakitoka, akafunga mdomo kwa shida, kama anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Mdogo wake alilegeza kidogo pale chini.

"Bonyeza," alimwambia, akimsogezea chungu. "Ukisikia unyevu, usitie maji. Ukisikia pakavu mpaka ndani, tia. Nilisoma hivyo mwanzoni kabisa. Sikuwa na subira."

"Hujawahi kuwa nayo," alisema Metroni. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa dawa chungu, "Ila mikono unayo."

Michirizi ya njano haikurudi tena. Mmea ulibaki kijani kitupu, na kwa mtu kama Mwenyekiti haukuwa na thamani ya kufungiwa gazeti. Lakini ulishika, ukatoa mizizi mipya iliyoning'inia nje ya chungu, na msimu uliofuata, jioni moja wakiwa mezani, Metroni aliacha kutafuna.

"Nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Unanukia manukato. Nimekuuliza ni nani."

Mdogo wake aliashiria dirisha kwa uma. Kati ya majani kulikuwa na maua madogo meupe, kila moja na mkia mwembamba mrefu nyuma, kama uzi uliosahauliwa kukatwa. Harufu yake ilikuwa imejaa sebule nzima.

Metroni alikwenda akainama, akayakagua kwa muda. "Madogo," alisema.

"Ndivyo yalivyo."

"Na harufu imezidi. Mtu atashindwa kula."

Lakini chakula chake alikihamishia upande ule wa meza ulio karibu na dirisha.

Mwenyekiti alisikia, maana wapenda okidi ni wambea kuliko wauguzi, akapiga simu kutaka mmea uletwe kwenye maonyesho ya chama. Metroni alibinua midomo mdogo wake alipomwambia kwamba atakwenda. Alisema hajawahi kumwona mtu anayetukanwa halafu anachukua usafiri kufuata tusi jingine. Mdogo wake alisema anakwenda kuona mimea ya wenzake, si Mwenyekiti. Akaenda. Walimweka mwisho wa meza, karibu na mlango wa choo, hakupata tuzo yoyote, akarudi na chungu chake amekikumbatia.

"Alisema nini yule?" dada yake aliuliza, akimpakulia.

"Alitaka kuniuzia mwingine wenye michirizi."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia ninao mmoja, unanitosha."

Metroni alitikisa kichwa. Kwa maoni yake hilo lilikuwa jibu dhaifu, jibu la mtu aliyelelewa vibaya. Mtu kama yule alistahili kujibiwa mbele ya watu, na papo hapo akamtajia majibu matatu ambayo yeye angeyatumia, kila moja kali kuliko lililotangulia. La mwisho lilihusu kitambi, lenzi na makochi yenye nailoni. Mdogo wake alisikiliza yote huku anakula, hakucheka.

"Lile la pili ndilo zuri," alisema, akasogeza sahani aongezewe.