Mstari na Weupe

Uvumi wenyewe uliingia na Rigo, jirani yetu, akiwa ameegemea mlango wa jiko langu na kikombe cha kahawa niliyompa kwa mkono wangu. Alisema watabiri wa vimbunga wanakula sahani moja na wezi: wao wanatangaza, sisi tunahama, wezi wanafagia. Nikamwambia aache upuuzi. Lakini neno baya likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea. Nilikuwa nikichagua mchele nalisikia, nikisuka nywele za binti yangu Maylín nalisikia.

Maana jambo lenyewe lilikuwa limeshatupata. Mwanzoni mwa msimu ule televisheni ilisema kimbunga kitapita juu ya bonde letu la tumbaku, huku magharibi mwa Kuba. Tukahamia shule ya mjini na magodoro kichwani. Kimbunga kikapinda, kikaenda zake baharini. Tuliporudi jua linawaka, zizi liko wazi, nguruwe jike mwenye mimba hayupo. Rigo peke yake ndiye hakuwa amehama. Hilo nililiona, nikalimeza.

Kwa hiyo kilipotangazwa cha pili, nyumba ilikuwa imeshatiwa sumu ya uvumi ule. Kwenye ramani ya televisheni palikuwa na mstari mwembamba wa njia ya kimbunga, na kuuzunguka, weupe uliofunguka kama sketi. Mstari ulipita mbali, baharini. Pindo la sketi lilikuwa juu yetu. Mume wangu Eliécer akapunguza sauti, akacheka.

"Umeona? Safari hii wametusahau."

"Hao hao ndio waliosema cha kwanza kinakuja," nikamwambia. "Wakisema kinakuja, hakiji. Wakisema hakiji, je?"

"Mke wangu, wewe hata ukiambiwa kumekucha utachungulia dirishani."

"Nitachungulia. Na mtoto namwingiza fito-ardhini."

Hicho ni kibanda alichokijenga baba mkwe wangu: paa tupu la makuti, limekita mchangani pande zote mbili, hakina ukuta wa kupigwa na upepo. Zamani kila shamba lilikuwa nacho. Siku hizo wengi walishakigeuza stoo.

Nikatoa mahindi tuliyoyaweka humo, nikaingiza maji, mkate, blanketi. Rigo akapita barabarani.

"Nereida! Umehamia kwa kuku? Jogoo ameshakuposa?"

"Pita zako!"

Alasiri mbingu ikawa rangi ya shaba. Nikamshika Eliécer mkono, akautoa taratibu. Anakwenda banda la kukaushia tumbaku, akasema, alikowafunga nguruwe waliobaki, kwani wezi nao wana televisheni.

"Njoo nao humu."

"Humu? Si tutanuka mpaka Krismasi!"

Akambusu Maylín utosini, akaondoka akipiga mluzi.

Banda la tumbaku ni refu kama kanisa, mbao tupu na upepo ndani. Lilianguka kabla jua halijazama. Tulisikia kishindo kimoja. Maylín akauliza ni nini, nikasema ni mti. Asubuhi tulimtoa baba yake chini ya mbao, ameshapoa. Nguruwe walikuwa hai.

Msimu ulipokwisha, mwanamke wa kituo cha hali ya hewa alikuja kubandika ramani za mwaka mzima ukutani shuleni. Nilikwenda kumkamata na uongo wake. Nikaifuata kwa kidole njia ya kimbunga cha kwanza, kisha ya cha pili. Vyote viwili viliuacha mstari. Vyote viwili vilipita ndani ya weupe.

"Weupe wote ulikuwa onyo, mama," alisema. "Mstari ni katikati tu."

Nilimtazama usoni nikimtafuta mwizi. Sikumwona.

Sasa kila Septemba wanawake wa bondeni wananijia. "Nereida, wewe uliona. Moyo unakwambiaje safari hii?" Sikuona kitu. Nilishuku tu, na shaka yangu ilikuwa jiwe lililotupwa na kipofu: siku hiyo lilimpata nyoka kwa bahati. Kwa ajili yao naandika. Epukeni haya:

Kutazama mstari na kuuacha weupe.

Kupunguza sauti kabla mtabiri hajamaliza.

Kuweka mahindi ndani ya fito-ardhini msimu wa vimbunga.

Kulinda mnyama ndani ya banda la tumbaku.

Kupokea habari za wezi kutoka kwa mtu asiyehama.

Kuja kuniuliza mimi.