Jina la Mbwa wa Gobnait

Mbwa yule aliingia kwa mlango wa mbele. Nyumbani kwa Muiris, mlango huo ulifunguliwa kwa ajili ya padri na majeneza tu. Watu wengine wote, hata daktari, walizungukia jikoni. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa mwembamba na mnyama alikuwa mkubwa kama ndama, kwa hiyo Gobnait alilisukuma komeo lililoshika kutu, akatandika gunia sakafuni, na kumkaribisha kwa sauti ambayo mumewe hakuwa ameisikia kwa miaka mingi.

"Pita ndani, moyo wangu. Inamisha kichwa."

Muiris alikuwa mezani, mbele yake sahani ya kabichi na nyama ya nguruwe. Mbwa alimsogelea bila haraka, akakiweka kidevu chake juu ya meza pasipo kunyanyua hata mguu mmoja, akamtazama usoni, kisha akaichukua ile nyama kwa adabu, kama mtu aliyeandaliwa chakula.

"Ana njaa," Gobnait akasema.

"Na mimi je?"

"Wewe una kabichi."

Alikuwa wa ukoo wa wale mbwa waliofugwa Ayalandi tangu enzi za wafalme ili wawinde mbwamwitu. Mbwamwitu walikwisha zamani, ila mwili ulibaki: miguu mirefu, kifua kama pipa, manyoya ya kijivu yaliyosimama kama majani makavu. Binamu yake Gobnait, aliyekuwa akihamia kwa bintiye mjini, ndiye aliyemtoa. Alikuwa akimwita Lodi, na jina hilo Gobnait alilikataa siku ileile. Babu yake alifukuzwa shambani na lodi, bwana wa Kiingereza mwenye ardhi, akasema, na yeye hatasimama juu ya kilima chake jioni akimwita lodi aje ale. Apewe jina la Kiayalandi, jina la watu wa hapa, linalotosha mwili wake.

Basi majina yakaanza. Kila jioni, mboji iliyokaushwa, ambayo ndiyo kuni za huko, ikiwaka mekoni, Gobnait alikaa kwenye kigoda akiyajaribu moja moja. Ardal, yaani shujaa mkuu. Cathal, mtawala wa vita. Fearghal, mwanamume jasiri. Mbwa, aliyekuwa amejinyoosha mbele ya moto mahali ambapo zamani Muiris alikausha soksi zake, hakutikisa hata sikio.

Ni aibu mtu mzima kumwonea mbwa wivu. Muiris alilijua hilo, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwambia, wivu ulimla polepole kwa ndani. Aliona kitana kikipitishwa kwenye manyoya kwa subira. Aliona mkate wa magadi ukipakwa siagi pande zote mbili. Zaidi ya yote alisikia maneno. Yeye na mkewe walikuwa wakizungumza habari za mvua, kondoo na chumvi. Mambo yaliyobaki yalikuwa yamekauka katikati yao bila ugomvi wowote. Kumbe maneno hayakuwa yamekwisha. Yalikuwepo, tele, yakimngoja mtu mwenye miguu minne.

"Mwite Leisceoir," alisema jioni moja. Yaani mvivu.

"Huyo tayari yupo humu ndani," Gobnait akajibu, wala hakugeuka.

Asubuhi yake Batt, tarishi wa kijiji kile, aliegemea dirisha la jikoni akitabasamu.

"Muiris bwana, nasikia siku hizi unalala zizini."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Nimechungulia nikaona nani amelala mbele ya moto." Akamgeukia Gobnait. "Mama, mwite Toirneach. Ngurumo! Kwa kifua kile?"

"Ngurumo haiingii nyumbani kwangu."

"Basi mwite Muiris, upate walau mmoja anayeitika."

Gobnait alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Muiris naye alicheka, kwa meno tu, kisha akachukua fimbo yake, akasema anakwenda kutazama kondoo.

Mvua ilimrudisha mapema siku hiyo. Alipokaribia mlango wa jikoni alimsikia mkewe akizungumza chini kwa chini, akasimama. Mwanzoni alisimama kwa wivu mtupu, kama mume anayetaka kufumania.

"Maana yake mbwamwitu mdogo," Gobnait alikuwa akisema. "Faolán. Lingekufaa kuliko yote, najua. Lakini siwezi kukupa, unaelewa? Lina mwenyewe. Nilimpa kabla hajazaliwa, nikamwita hivyo kimoyomoyo miezi yote. Angekuwa mwanamume mzima leo. Angekuwa na mabega ya baba yake, na kiburi cha baba yake."

Maji yalimtiririka Muiris shingoni asiyasikie. Mtoto wao alizaliwa bila pumzi, katika miaka ile ambayo asiyebatizwa hakuruhusiwa kulala kwenye udongo wa kanisa wala kuandikwa jina popote. Gobnait alibaki hospitalini na homa. Muiris ndiye aliyekabidhiwa kisanduku, na aliporudi nyumbani alikitoa kitanda cha mtoto kabla mkewe hajakiona. Miaka yote hiyo alidhani amezika mtoto asiye na jina. Na sasa jina lilikuwepo, na wa kwanza kulisikia alikuwa mbwa.

Akausukuma mlango.

"Alikuwa na jina?"

Gobnait hakujifanya kutoelewa. Aliweka kitana chini. "Alikuwa nalo."

"Umemwambia mbwa."

"Nimemwambia."

"Miaka yote hii tunakula meza moja, Gobnait! Unakwenda kumwambia mbwa!"

"Mbwa hakuinuka akaenda kutazama kondoo."

Na kweli, wakati huohuo mkono wa Muiris ulikuwa umeshaishika fimbo. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, akaiachia.

"Na wewe," mkewe akaendelea, "ulimpeleka wapi?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza! Siku niliyorudi, nikiwa bado na kanzu ya hospitali ndani ya koti. Ukasema mambo yameisha, tusiyafukue. Ukatoka."



"Ni kule juu," Muiris akasema hatimaye, "nyuma ya ukuta wa mawe, upande wa baharini. Wapo watoto wengi pale. Niliweka jiwe jeupe."

"Nipeleke."

"Mvua hii?"

"Muiris."

Wakapanda kilima, yeye mbele, mkewe nyuma, mbwa akizunguka huku na huku. Karibu na ukuta sungura aliruka kutoka majanini, na mbwa akamfukuza kwa hatua ndefu kuelekea kwenye genge, ambako nchi ilikatika ghafla na mawimbi yakapiga chini. Gobnait alifungua kinywa amwite, na hakikutoka kitu. Hakuwa na cha kuita.

"Garbhán!" Muiris akanguruma.

Hakujua jina lile limetoka wapi. Pengine lilitoka kwenye manyoya yale yaliyomkwaruza mguu kila alipopita jikoni. Mbwa, ambaye hakuwahi kusemeshwa naye, alishtuka, akasimama ukingoni, kisha akageuka na kurudi, ulimi nje.

"Garbhán?" Gobnait akauliza, kifua kikimpanda na kushuka. "Si ni kama kusema kadogo kanakokwaruza? Kadogo, huyu?"

"Limekuja lenyewe."

"Lakini ameitika."

Nyuma ya ukuta mawe madogo yasiyo na maandishi yalikuwa yametawanyika majanini, mengi yamezama nusu na kuota kuvu. Moja tu lilikuwa jeupe, safi kama limeoshwa jana, na majani yaliyolizunguka yamekatwa mafupi. Gobnait alilitazama muda mrefu.

"Nani analisafisha?"

Muiris aligeuka akatazama bahari.

"Kondoo," mkewe akasema polepole. "Kumbe hawa ndio kondoo."

Alimuuliza kichwa kimeelekea wapi, naye akaonyesha, kule jua linakochomozea. Gobnait alivua skafu, akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, akainama mpaka uso wake ukalikaribia jiwe, na kuanza kusema. Alisema kwa sauti ndogo sana, mfululizo, kama mtu aliyekuwa na mengi. Upepo uliyachukua maneno yale ukayapeleka upande wa pili.

Muiris alipiga hatua moja mbele ili asikie. Ule mchomo wa wivu ulimpita tena kifuani. Mbwa naye alikuwa ameinua masikio, anataka kwenda kwa bibi yake. Muiris akamshika shingo kwa mkono mmoja, akamsogeza karibu na goti lake, wakasimama hivyo pamoja mvuani, wakingoja.