Kovu la Kumi na Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne moja ya Mei mwaka 1935, Bilali, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ya Mwanza, alifika gatini na rula, penseli na daftari. Bi Moza alikuwa keshakaa kwenye benchi lake, anashona kofia.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba. Limetoka jingine."

Akasogeza kanga, akanyoosha mkono wa kushoto. Kila aina mpya ya ndui ilipofika popote kandokando ya ziwa, kovu lilimtokea siku hiyohiyo, kavu, kama la chanjo ya zamani. Mahali lilipotoka palionyesha mji: karibu na kiganja ni Magu, kwenye kiwiko ni Nansio. Wagonjwa walifuata baada ya siku kumi na mbili. Mkono haukuwahi kukosea. Abiria walimwamkia, wakautazama, wengine wakarudi nyumbani. Wenye mihogo ya kuuza walipanda boti hivyohivyo.

Bilali akapima, akalichora daftarini. Kovu la kumi na tatu lilikuwa na upana wa nusu inchi, ukingo umemeguka upande mmoja. Lilikuwa kwenye kiwiko.

"Mwanaharusi yuko Nansio," akasema Bi Moza. Huyo ni mdogo wake, mama wa watoto wanne, hajachanjwa. "Chanjo si ipo?"

Ilikuwepo. Vichupa vilikaa kwenye barafu ya Kanubhai, mwenye kiwanda cha soda, ndani ya sanduku lenye lakiri ya daktari Mzungu. Bilali akapanda ofisini na mchoro wake. Daktari, mtu mpole sana, akausifu. Akasema mkono wa Bi Moza anauamini kabisa, ila utaratibu ni utaratibu: aina mpya inathibitishwa wakishafariki watu watatu.

Bi Moza alikasirika, akakaa na hasira yake huku anashona. Alimtumia mdogo wake salamu avuke aje. Mwanaharusi akajibu kwamba mpunga umeiva, akiuacha ndege wataumaliza.

Wa kwanza kufa alikuwa seremala, wa pili mwanawe. Wa tatu alikuwa Mwanaharusi, akazikwa Jumatano. Alhamisi lakiri ikavunjwa, na boti ya Ijumaa ikapeleka Nansio vichupa ishirini.

"Umemwandika?" Bi Moza akauliza.

"Fomu ina nafasi ya idadi tu, Bi Moza. Nimeandika watatu."

Mwezi Julai kovu la kumi na nne likatoka juu kabisa, begani, mahali ambapo hapajawahi kutoka kitu. Bilali akalitazama bega, kisha akatazama mlimani, kwenye nyumba za Wazungu. Akapeleka habari kabla ya kupima. Saa nne sanduku lilikuwa wazi. Kufika saa saba mlima mzima ulikuwa umechanjwa, pamoja na wapishi.

Alasiri akarudi gatini kumalizia daftari.

"Wamekufa wangapi?" akauliza Bi Moza.

"Hakuna."

"Na imethibitishwa?"

"Imethibitishwa."

Bi Moza akafunika bega, akaokota kofia yake. "Haya, andika hakuna. Andika vizuri, kama ulivyowaandika wale watatu."

Bilali akachonga penseli, akaandika.